Naomba ushauri: nataka kupanda jukwaani peke yangu kuigiza maisha ya darasani

Mwalimu wa Zamu

Wakuu habari za jioni, na wakubwa zangu shikamooni.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi ya serikali hapa Dar, upande wa Temeke, nafundisha darasa la tatu. Nimeandika igizo la mtu mmoja kuhusu kazi yetu. Nikilisoma kwa sauti linakaribia saa nzima. Wahusika wote nawacheza mwenyewe: mwalimu, mwalimu mkuu, mzazi, mdhibiti ubora, mama anayeuza mihogo getini, na watoto watano.

Sitaki kumlaumu mtu. Nataka anayepita nje ya ukuta wa shule, akasikia watoto wanaimba jedwali la kuzidisha, ajue mle ndani kuna nini. Darasani kwangu wapo 120. Dawati la watatu wanakaa watano, waliobaki wanakaa chini mbele ya ubao, juu ya viroba. Yupo mmoja hana kifutio. Akikosea anafuta kwa kidole chenye mate mpaka karatasi inatoboka, halafu anafunika lile tundu kwa kiganja ili nisilione nikipita. Kipindi ni dakika 40. Ukizigawa kwa watoto 120, kila mmoja anapata sekunde 20, na hapo sijafundisha chochote, ni kumtazama tu. Igizo lote limesimama juu ya hizo sekunde 20.

Ninakwama hapa. Mimi ni mtumishi wa umma, je, naruhusiwa? Watoto nawalindaje, maana ni watoto wa kweli na wazazi wao tunaonana sokoni? Na jukwaani mtu mmoja anabadilikaje kuwa watu kumi bila watazamaji kuchanganyikiwa? Niliigiza chuo cha ualimu, ila tulikuwa kundi. Natanguliza shukrani.

Afisa Masijala

Mwalimu, anza na ruhusa kabla hujabandika tangazo lolote. Mwajiri wako ni mkurugenzi wa halmashauri. Mwandikie barua ipitie kwa mwalimu mkuu, ueleze kuwa ni kazi ya sanaa utakayoifanya nje ya saa za kazi, na ubaki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Hiyo nakala itunze vizuri kabisa. Nidhamu ya walimu iko chini ya Tume ya Utumishi wa Walimu, na likitokea la kutokea utaulizwa kwanza nani alikuruhusu.

Kwa upande wa sanaa, nenda BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, ujisajili na uulizie kibali cha onyesho. Muswada usajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kabla haujaanza kuzunguka kwenye simu za watu.

Halafu usipande na nyaraka za ofisini. Ripoti ya mdhibiti ubora, barua za ndani, takwimu za shule yako, viache vyote. Yaliyo wazi kwa umma yanakutosha: kiwango cha serikali ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, ruzuku ya uendeshaji ilipangwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, na elimu bila ada ilianza Januari 2016. Weka noti moja ya elfu kumi mezani, anza kuigawa: chaki, karatasi za mitihani, ukarabati. Watu wataelewa wenyewe.

Mtambaji wa Kaole

Dada mwalimu, nimesomea Bagamoyo enzi bado kinaitwa Chuo cha Sanaa, kabla hakijawa TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Niseme nilichojifunza kwa kucheza peke yangu.

Watu kumi siyo wengi. Watazamaji wanapotea pale unapowatofautisha wahusika kwa sauti tupu, maana sauti inachoka mapema na wote wanaanza kufanana. Watofautishe kwa macho. Mwalimu anatazama chini, mtoto anatazama juu. Inua kidevu, macho yapande, tayari umeshakuwa mtoto. Huna haja ya kupiga magoti wala kubana pua. Mtu mzima akibana pua kuigiza mtoto, ukumbi unacheka. Yule wa tundu la daftari akichekwa, umemkosea yeye na umeliharibu igizo. Yeye mpe mkono tu. Kiganja kikishuka juu ya daftari tutajua ni yeye hata kabla hajafungua mdomo.

Kila mmoja mpe mahali pake. Mwalimu mkuu asivuke mlango, aongee akiwa ameshika fremu. Mdhibiti ubora akae nyuma kabisa, na wewe ukimjibu uangalie juu ya vichwa vya watu. Nguo usibadilishe, huna muda huo. Kanga moja inatosha: kichwani ni mzazi, begani ni mama wa mihogo, ikikunjwa mezani ni rundo la madaftari.

Sasa kubwa zaidi. Darasa lako ni hao watazamaji. Ingia na chaki na daftari la mahudhurio, simama mbele yao usiseme neno. Ukumbi wa Kitanzania utasimama wenyewe: "Shikamoo mwalimu!" Tumelelewa hivyo wote, mpaka waheshimiwa. Waitikie, "Marahaba, kaeni," kisha waambie wasogeane. Wa mstari wa mbele washuke wakae chini. Msongamano usiueleze, wabane mpaka magoti yagusane. Na hizo sekunde 20 usizitaje hata mara moja. Chagua mtu mmoja, mtazame sekunde 20 kamili, kimya. Mgeukie wa pili, wa tatu. Halafu rimu ya kengele igongwe, kipindi kimekwisha. Wengine 117 hujawaangalia.

Mama Mapacha

Mwalimu, Mungu akutie nguvu. Wanangu wawili wako shule ya serikali huku Mbagala, zamu ya mchana.

Ombi langu, mzazi wa kwenye igizo asiwe mtu asiyejali. Mimi natoka nyumbani alfajiri nikawahi samaki Feri, nakaanga, nauza, nikirudi wameshakwenda shule. Kikao cha wazazi kinaitishwa saa nne asubuhi, siku ya kazi. Sikuonekana, basi jina langu linaandikwa kwa wanaopuuza watoto. Madaftari ya wanangu nayafungua usiku wakiwa wamelala, na kuna mambo ya hesabu siyajui, lakini nayafungua. Naomba hilo mlione.

Na fimbo usiikwepe. Onyesho la shule lisilo na fimbo, watoto wenyewe watajua unadanganya. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinasema visizidi vinne, anayeadhibu ni mwalimu mkuu au aliyemteua kwa maandishi, na iandikwe kitabuni. Nilikuja kuzijua siku mwanangu aliporudi mkono umevimba hawezi kushika kijiko. Kama unasema kweli kuhusu mateso ya mwalimu, sema kweli na kuhusu hilo.

Mkweli Daima

Sina nia ya kukukatisha tamaa mwalimu, ila igizo halileti dawati. Watu watakuja jioni kwenye kumbi za mjini huko Upanga, watapiga makofi, watapanda magari yao. Kesho yake wewe uko na watoto wako walewale juu ya viroba. Nguvu hiyo ningeipeleka kwenye chama cha walimu au kwenye vikao vya kamati ya shule, ambako bajeti inajadiliwa.

Mzee wa Mlimani

Mkweli, hoja yako ni ya haki na inastahili jibu.

Mwaka 1996, pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Profesa Penina Mlama na Profesa Amandina Lihamba walianzisha mradi wa Tuseme. Wanafunzi wa sekondari, hasa wasichana, walichunguza wenyewe yanayowakwamisha shuleni, wakayatungia michezo, wakaigiza mbele ya walimu wao, na mchezo ukiisha watu hawaondoki, wanajadili. Msichana ambaye asingethubutu kumwambia mwalimu jambo uso kwa uso alilisema akiwa mhusika, mwalimu akalazimika kulijibu. Baadaye FAWE, shirika la wanawake waelimishaji wa Afrika, waliusambaza katika nchi nyingine za Afrika. Kwa hiyo, Mkweli, makofi siyo mwisho wa kazi. Inategemea kinachofuata baada yake.

Mwalimu, punguza igizo lifike dakika 50 na utenge muda wa mjadala hapohapo, kabla watu hawajanyanyuka. Na onyesho la kwanza usilipeleke Upanga. Lipeleke DUCE, chuo kikuu kishiriki cha elimu pale Chang'ombe, kwa vijana wanaosomea ualimu. Wao ndio watakaokabidhiwa hayo madarasa, na hapo ni Temeke kwenu.

Nauli ya Mwanafunzi

Kuongezea tu. Marekani yupo mwigizaji anaitwa Nilaja Sun, alikuwa akifundisha sanaa za maonyesho katika shule za umma za New York. Mwaka 2006 alipanda jukwaani peke yake na onyesho lake *No Child...*, akacheza wanafunzi, walimu, wazazi, wote yeye. Kilichonivutia ni kwamba msimulizi siyo mwalimu. Ni mzee anayefanya usafi shuleni, aliyeona vizazi vikipita. Mwalimu akijisimulia mwenyewe, ni rahisi watu waone anajihurumia. Huyo mama yako wa mihogo yuko getini kila siku, anawajua watoto kwa majina, anajua nani leo hana mia mbili ya kununua. Mpe yeye usimulizi.

Mwalimu wa Zamu

Asanteni sana, sikutegemea kupata mengi hivi.

Afisa, barua naiandika wiki hii. Mtambaji, jana usiku nimejaribu la kuinua kidevu mbele ya kioo na nimeona tofauti. Nauli, mama wa mihogo kuwa msimulizi kumenifungua kabisa, maana yeye ndiye anayemkopesha yule mtoto wa tundu la daftari.

Mama Mapacha, mzazi niliyekuwa nimemwandika namfuta. Naweka kikao cha saa nne asubuhi, mabenchi matupu, na sauti za akina mama kutoka huko waliko saa hiyo: Feri, Kariakoo, mashine ya kusaga. Na fimbo inaingia, na kile kitabu pia.

Limebaki moja linaloninyima usingizi. Kuna msichana aliniambia jambo la nyumbani kwao. Nililifikisha kwa mwalimu mkuu, likaenda ustawi wa jamii, na linashughulikiwa. Limo kwenye muswada, kwa jina jingine. Ndiyo sehemu yenye nguvu kuliko zote. Ninyi mnasemaje?

Mzee wa Mlimani

Liondoe, binti yangu.

Kubadilisha jina hakutoshi. Darasa lako linajulikana, shule yako itajulikana, na wenzake 119 watamtambua kwa tukio. Ipo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, ipo na ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata zisingekuwepo ningekuambia hivyohivyo. Mtoto alikuambia wewe kwa sababu ni mwalimu wake. Jambo la namna hiyo lina milango yake: ustawi wa jamii, na dawati la jinsia na watoto polisi, na huko ulikwisha kumfikisha. Ulifanya vyema.

Mtambaji wa Kaole

Naungana na mzee, shikamoo mzee wangu. Nina njia. Siri yenyewe usiitamke. Onyesha mwalimu anayesikiliza. Simama, inama kidogo, sikio lielekee chini, mtoto haonekani na hasikiki. Watazamaji waone uso wako tu unavyobadilika huku nyuma watoto wanaimba jedwali la saba. Hakuna atakayejua ni nini, na kila aliyewahi kuwa mtoto pale ukumbini ataweka chake.

Mama Mapacha

Hapo mmesema. Ningekuwa mama wa huyo binti ningewashukuru.

Mkweli Daima

Mzee, habari ya Tuseme nimeipokea, sikuwa naijua. Basi mwalimu, kwenye huo mjadala waalike diwani na kamati za shule za kata yenu, wakae chini mstari wa mbele kama wengine. Mimi nitachangia usafiri wa wajumbe wa kamati yetu huku Buza.

Mwalimu wa Zamu

Shikamoo mzee wangu, nimekuelewa. Sehemu hiyo imetoka. Naweka hilo la kusikiliza.

Mkweli, nashukuru sana, nitakufuata faragha nikishapata ukumbi. Nauliza tu, lini panafaa? Nilikuwa nafikiria Septemba.

Afisa Masijala

Septemba hapana, darasa la saba wako kwenye mtihani wa taifa na nusu ya walimu wamepangiwa usimamizi. Lenga likizo ya Juni. Walimu wanapumua, na mkurugenzi hawezi kusema umeacha kipindi.

Mtambaji wa Kaole

Mpaka Juni muda wa mazoezi unatosha kabisa. Mimi Jumamosi mchana huwa Nafasi Art Space, Mikocheni. Njoo na kanga na chaki, tucheze robo saa ya mwanzo nikuangalie. Mwambie na Mama Mapacha aje, tunahitaji mtu wa kusema ukweli.

Mama Mapacha

Jumamosi nikimaliza samaki nakuja, ila nitakuwa na hawa mapacha.

Mwalimu wa Zamu

Njoo nao mama, wakae mstari wa mbele. Mtambaji, nishukie kituo gani nikitokea Mwenge?