Tupeane uzoefu: kaskazi hii ndama mnawalishaje?

Mleta mada, Pongwe:
Wakuu, joto la Tanga mnalijua. Nina ndama chotara wa Friziani, bado wako kwenye maziwa. Mchana wanahema tu, pumba hawagusi. Jirani anasema nipunguze maziwa mpaka masika yaingie. Mliopitia haya mnasemaje?

Mfugaji, Muheza:
Usipunguze hata robo lita! Kule kuhema kunakula nguvu, na nguvu yenyewe mtoto anaitoa kwenye hayo maziwa. Badili saa tu. Mimi nanywesha alfajiri, halafu tena baada ya Magharibi. Na yawe vuguvugu, nyuzi 38 hivi, hata kama nje kunaunguza.

Mama Mitamba, Pangani:
Mbona maji hamuyataji? Huku kwetu wengi wanaamini ndama wa maziwa hana haja ya maji. Maziwa akinyonya yanapita kwenye mfereji wake hadi tumbo la nne, hayaingii tumbo kubwa. Pumba ndiko zinakokwenda, na bila maji hazichachuki, ataacha kuzisusa vipi? Ndoo ya maji ikae kivulini tangu wiki ya kwanza, uyabadilishe kila yakipata moto.

Mleta mada:
Maji yapo dada, ila ya kisima, yana chumvichumvi.

Mama Mitamba:
Hapo sasa! Watekee ya bomba, mdogo wangu. Na akianza kuhara, vuta ngozi ya shingo: ikichelewa kurudi, maji yamemwishia mwilini. Ile dawa ya chumvi na sukari ya ndama ikorogee kwenye maji, umpe katikati ya milo. Kwenye maziwa usiitie, inayazuia kuganda tumboni. Maziwa usimkatie.

Mgeni wa jukwaa:
Banda la bati? Tandaza makuti juu. Hayo mengine baadaye.

Mzee wa Korogwe:
Pumba weka kiganja kiganja, nyingi uwape jioni. Unyevu wa pwani ukikutana na mate ya ndama, ukungu haukawii.

Mleta mada:
Shukrani wakuu. Tatizo kituo cha maziwa kinafunga mapema, nakamua alasiri. Ya ndama yatafika Magharibi kweli?

Mfugaji, Muheza:
Yatafika. Tenga yao kwanza ndipo upeleke ya kuuza, kibuyu chao ukitumbukize kwenye ndoo ya maji baridi. Wakati ukifika, kitie ndani ya sufuria ya maji ya moto. Ukiyaacha wazi bandani umewapikia mtindi.