Malalamiko ya unyanyasaji wa kingono vyuoni Marekani: yanamalizwaje bila kikao?

mdau_wa_kampasi
Wakuu, naomba ufafanuzi. Mwanafunzi wa chuo cha Marekani akimlalamikia mwenzake kwa unyanyasaji wa kingono, chuo kinaruhusiwa kulimaliza bila kikao cha kusikiliza shauri? Sehemu moja nasoma kikao ni lazima, nyingine inasema mpelelezi anaamua peke yake. Na makubaliano yakishasainiwa, mlalamikaji anaweza kurudi nyuma?

Karani_K
Mkuu, zote mbili zimewahi kuwa sahihi. Title IX, sheria ya shirikisho ya 1972 inayokataza ubaguzi wa kijinsia kwenye elimu inayopata fedha za serikali, haisemi lolote kuhusu vikao vya namna hii. Kinachobadilika kila mara ni miongozo na kanuni za Idara ya Elimu. Waraka wa 2011 ulisema upatanishi haufai kwa madai ya shambulio la kingono hata kama pande zote zimeridhia. Ukafutwa 2017. Kanuni zilizoanza Agosti 14, 2020 zikalazimisha vyuo kufanya kikao, hata kwa video, na mshauri wa kila upande ndiye anayeuliza maswali ya dodoso, yaani kuuhoji upande wa pili na mashahidi ili kupima ukweli wao. Za 2024 zikaruhusu aliyepeleleza aamue mwenyewe, lakini mahakama ya shirikisho huko Kentucky ikazibatilisha Januari 9, 2025, tukarudi kwenye za 2020. Chuo kinachoendelea na mpelelezi-mwamuzi kwenye shauri la Title IX kinajitafutia kesi.

Njia halali ya kuepuka kikao ni suluhu isiyo rasmi, yaani pande mbili kukubaliana badala ya chuo kuamua nani ana kosa. Hapa wengi hukwama: ili uingie humo, lazima kwanza kuwe na lalamiko rasmi lililosainiwa. Kisha kila upande upewe notisi inayotaja madai, utaratibu, na kumbukumbu zipi zitatunzwa au zinaweza kutolewa. Ridhaa iwe ya hiari na kwa maandishi. Chuo hakiwezi kuifanya sharti la kujiunga au kuendelea na masomo. Na kama anayelalamikiwa ni mwajiriwa wa chuo na mlalamikaji ni mwanafunzi, njia hii imefungwa kabisa.

Kurudi nyuma: ndiyo, wakati wowote kabla ya kukubali suluhu. Ukishakubali, soma notisi yako, kwa sababu ndimo inapotakiwa kuandikwa ni lini huwezi tena kufufua lalamiko kwa madai yaleyale.

Bi_Mshauri
Nyongeza kwa Karani. Lipo jambo la tatu ambalo husahaulika: hatua za msaada. Kuhamishwa bweni, kubadilishiwa kipindi, kuongezewa muda wa kazi za darasa, amri ya kutowasiliana. Hizi hazihitaji lalamiko rasmi wala suluhu. Anayetaka tu asikae maabara moja na mtu fulani aanzie hapo.

Kwenye suluhu yenyewe, pande mbili hazilazimiki kukutana. Mwezeshaji anaweza kwenda huku na huko na rasimu hadi ikubalike. Mazungumzo ya uso kwa uso yanahitaji maandalizi ya kila upande peke yake, na mlalamikiwa anayekana kila kitu hafai kuingizwa humo. Kikao kitageuka ubishi.

Makubaliano mengi huharibikia kwenye maneno. "Mlalamikiwa atajiepusha na mlalamikaji" haitekelezeki. Andika: wakikutana maktaba, nani anaondoka? Ujumbe kupitia rafiki unahesabika? Mafunzo yakamilike tarehe ipi, na uthibitisho apelekewe nani? Makubaliano yanaisha muhula gani? Akikiuka, ni kosa la nidhamu au lalamiko linafufuka? Kisipoandikwa cha mwisho hicho, ofisi haina pa kushika. Adhabu inaweza kuwemo pia, hata kusimamishwa, mradi mlalamikiwa mwenyewe ameikubali. Na usiri uliomo haumfungi mwendesha mashtaka: kama kuna kesi ya jinai, mlalamikiwa aongee na wakili kabla ya kukiri lolote.

mdau_wa_kampasi
Shukrani nyingi. Tukio likitokea nyumba ya kupanga nje ya chuo?

Karani_K
Inategemea. Nyumba ikiwa inamilikiwa au kusimamiwa na chama cha wanafunzi kinachotambuliwa na chuo, bado ni Title IX. Nyumba ya kawaida isiyohusiana na shughuli ya chuo iko nje, hivyo chuo kinalifuta lalamiko kwa upande wa Title IX, lakini kinaweza kuliendesha kwa kanuni zake za nidhamu, na huko kikao cha aina ile si lazima. Lakini angalia jimbo. Hukumu ya 2018 ya mahakama ya rufaa ya shirikisho dhidi ya Chuo Kikuu cha Michigan inavibana vyuo vya umma vya Michigan, Ohio, Kentucky na Tennessee: shauri likisimama kwenye nani anaaminika zaidi, lazima maswali ya dodoso yawepo. Mahakama ya juu ya California, 2023, ilisema vyuo binafsi vya jimbo hilo havibanwi na "common law" (sheria inayotokana na maamuzi ya mahakama) kufanya kikao cha namna hiyo.

Jalada la suluhu linatunzwa miaka 7. Omba nakala yako siku ya kusaini.