Mrejesho: Poka, kufuata dau au kutupa karata

Wakuu, niliuliza anayeanza poka ajuaje wakati wa kufuata dau au kutupa karata. Mlionishauri nianze na hesabu badala ya kusoma nyuso za watu, asanteni sana.

Juzi tulichezea vifungo. Nina kopa mbili mkononi, na kati ya karata tatu zilizofunuliwa, mbili ni kopa. Nikifikisha kopa tano nina mkono imara. Zimebaki kopa 9, karata mbili bado kufunuliwa: kwa hesabu ya haraka, 9 mara 4, nafasi yangu ni kama 36%. Mezani vifungo 100, jamaa akasukuma 50 vyake vya mwisho. Nalipa 50 kuwania 150, yaani 50 kati ya jumla ya 200, kwa hiyo nafasi ya 25% inanitosha. Nikafuata. Kopa haikuja, akazoa vyote! Hata hivyo ningefuata tena.

Sasa najifunza faida ya kucheza wa mwisho. Tamu hiyo, wenzako wote wameshaonyesha uamuzi wao kabla yako.