Mafundi wa kompyuta mnatuibia! Kompyuta hazionekani kwenye mtandao wa ofisi, dawa yenu ni kupiga Windows tu?

Wakuu, nina hasira na uzi ni mrefu. Asiye na muda apite kimyakimya.

Mimi si mtu wa IT. Nashughulika na nyaraka kwenye kiofisi cha kutoa mizigo bandarini hapa Dar. Tuna kompyuta tisa, sita za mezani na laptopu tatu, printa mbili, na fotokopi moja kubwa kama friji. Ila kwa kuwa mwaka juzi nilimuunganishia mzee printa, tangu siku hiyo kila kinachotumia umeme humu ndani ni changu, mpaka birika.

Jumatatu ya wiki iliyopita, saa 2 na nusu asubuhi, dada wa mapokezi kaniita: "Kaka, mbona folda ya mizigo haipo?" Hiyo folda ndiyo ofisi yenyewe. Iko kwenye kompyuta ya kona tuliyoipa jina MIZIGO, na humo kuna kila kitu, kuanzia BL, zile hati za mzigo wa meli, hadi risiti za ushuru wa forodha. Nikakaa kwenye yangu, nikabonyeza Network kule kushoto. Peupe. Hakuna MIZIGO, hakuna UHASIBU, hakuna hata printa. Intaneti inakwenda vizuri tu, watu wako WhatsApp wanacheka, lakini kompyuta zilizo chumba kimoja hazijuani.

Mzee akaita fundi. Kijana kafika saa 5, kachukua elfu hamsini ya "nauli na ukaguzi", kafungua Network kwenye kompyuta ya mapokezi. Kikatokea kidirisha chenye maneno. Kabonyeza OK kabla hata mimi sijasoma neno la pili. Juu ukabaki mstari wa njano, nao akaufunga. Akanigeukia: "Kaka, hizi Windows zimechoka. Hapa ni kupiga upya zote." Laki mbili na nusu, mashine tisa, ananifanyia kishkaji.

Wakuu, ule mstari wa njano ulikuwa unasema Network discovery imezimwa na kompyuta za mtandao hazitaonekana, bonyeza hapa ubadilishe. Jibu lilikuwa limeandikwa mbele ya macho yake na yeye kalifunga kama tangazo la kubeti.

Mpaka jioni kapiga Windows nne, yaani kafuta kila kilichomo na kuweka mpya. Ya mama mhasibu ikiwemo. Mama wa watu alikuwa na Excel zake za miaka mitatu juu ya Desktop, na fundi anamwambia, "Mama, si ungesema?" Aseme nini? Yeye aliulizwa? Sikuwahi kumwona yule mama akinyamaza vile. Kachukua mkoba wake, kaondoka bila kuaga.

Na baada ya yote hayo, Network ikafunguliwa. Peupe vilevile.

Lazima iwe peupe! Windows mpya ikikutana na mtandao kwa mara ya kwanza, usipoiambia vinginevyo inauchukulia kuwa wa hadharani, Public, kama uko kwenye Wi-Fi ya stendi. Kwenye hali hiyo inajificha kwa makusudi: haitafuti wenzake wala haijitangazi, na faiawoli yake, yule mlinzi wake wa mlangoni, inakataa watu wanaobisha hodi kwenye folda. Sasa kisa chetu chote kilianzia hapo. Ijumaa yake walikuja watu wa intaneti kutufungia faiba na wakaweka rauta mpya. Windows huutambua mtandao kwa rauta yake, ukibadilisha rauta kwake huo ni mtandao mwingine kabisa. Kwa hiyo Jumatatu kila mashine ya mezani iliamka ikidhani imehamia ugenini. Nani aliuliza "mmebadilisha nini karibuni?" Hakuna. Hata fundi wa bodaboda huuliza.

Jumanne tukaishi kwa flashi. Kila mtu anatembea na flashi mkononi kama tasbihi. Kufika mchana kirusi cha shotikati kimeshazunguka ofisi nzima, ukifungua flashi unakuta folda zako zimegeuka vimishale.

Jumatano likaja kundi la pili, hawa wana fulana zenye nembo na begi la vifaa. Nikasema afadhali. Wakaenda kwenye zile sehemu za kuwasha vipengele vya Windows, wakawasha SMB1 kwenye mashine zote tisa, wakadai zizimwe na kuwashwa, halafu wakamwandikia mzee bei ya seva, milioni nne na ushee.

SMB1! Hapa ndipo nilipokosa usingizi. Hiyo ni njia ya kizamani ya kushea mafaili, na ndiyo tundu walilopitia wale wa kirusi cha WannaCry Mei 2017, wakafunga mafaili ya watu dunia nzima na kudai fidia, hospitali za Uingereza zikaahirisha matibabu ya wagonjwa. Microsoft walishatoa kiraka Machi ya mwaka huohuo, MS17-010, na kwenye Windows 10 toleo la 1709 wakaanza kuiondoa SMB1 isiwe inakuja yenyewe. Ninyi mnairudisha kwenye mashine tisa zenye nyaraka za wateja ili tu majina yaonekane kwenye orodha? Na hayakuonekana!

Najua wazo lilikotoka, na lina ukweli wake wa zamani. Enzi za XP kompyuta za ofisi zilikuwa zinapiga kura, moja inakuwa kama mjumbe wa nyumba kumi, inashika daftari la majina. Wengine wanaripoti kwake kila dakika 12. Ndiyo maana siku zile uliweza kuzima kompyuta na jina lake likaendelea kuonekana nusu saa nzima, mjumbe hajapata habari za msiba. Mjumbe huyo alitegemea SMB1, ilipoondolewa naye akastaafu. Siku hizi kila mashine inajipigia yowe yenyewe, "Mimi MIZIGO, nipo!", kwa utaratibu unaoitwa WS-Discovery, unaopita mlango namba 3702 wa mtandao (UDP). Yowe hilo halivuki rauta. Shikeni hilo, litarudi.

Jumatano usiku nikabaki peke yangu na mlinzi. Nikazima SMB1 kote. Nikaenda MIZIGO, nikafungua mipangilio ya mtandao, nikaitoa Public nikaiweka Private, yaani mtandao wa nyumbani unaouamini. Nikafanya hivyohivyo kwenye yangu, nikawasha Network discovery na kushea mafaili. Nikafungua Network: naiona yangu tu. MIZIGO haipo. Nikatukana peke yangu. Halafu nikakumbuka kitu ambacho hao wote wawili hawakujaribu. Juu kwenye upau wa anwani nikaandika \\MIZIGO, nikabonyeza Enter.

Ikafunguka. Folda zote zipo. Sekunde tatu.

Yaani siku tatu nzima tulikuwa tunatibu orodha, wakati mlango ulikuwa na shida yake nyingine, ile ya Public. Mashine kutoonekana kwenye orodha ni jambo moja, kutofikika ni jambo lingine. Ukiandika jina ikafunguka, mtandao wako ni mzima, kilicholala ni ile huduma ya kupiga yowe. Ukiandika jina ikakataa, jaribu namba yake ya IP, ile anwani yake kwenye mtandao. IP ikikubali, ugonjwa uko kwenye majina. Na IP ikikataa, ndipo uanze kukagua faiawoli, hasa ya antivirusi uliyonunua, na waya. Huo uchunguzi hauna hata gharama ya soda.

Kwa MIZIGO tatizo lilikuwa huduma hiyo ya yowe, inaitwa Function Discovery Resource Publication, ilikuwa imelala. Andika services.msc pale Start, itafute huduma hiyo, iweke Automatic ile ya kuanza kwa kuchelewa, kisha iwashe. Dakika moja mbele jina likatokea kwenye yangu. Na kama Network discovery ukiiwasha inajizima yenyewe, kagua pia DNS Client, SSDP Discovery na UPnP Device Host, moja ikiwa imezimwa kile kitufe hakikubali kukaa.

Alhamisi asubuhi kompyuta za mezani zote sita zinaonana. Laptopu tatu, hakuna. Nikafungua kile kidirisha cheusi, nikaandika ipconfig, amri ya kuonyesha anwani ya mashine. Za mezani zinasoma 192.168.100 na kitu. Laptopu zinasoma 192.168.0 na kitu. Watu wa faiba walichomeka swichi yetu, ile inayounganisha kompyuta za mezani, kwenye rauta yao, na rauta yetu ya zamani, ile inayotoa Wi-Fi, wakaichomeka nyuma ya yao kwa tundu la WAN, lile la kuingizia intaneti. Kwa hiyo tuna nyumba mbili na ukuta katikati, na yowe, kama nilivyosema, halivuki ukuta. Nikatoa waya kwenye WAN nikauweka kwenye tundu la kawaida la LAN, la kuunganishia mashine za ndani, lakini kabla ya hapo niliipa rauta ya zamani anwani ya familia ya 192.168.100 na kuizima DHCP yake, ile kazi ya kugawa anwani, maana rauta mbili zikigawa anwani kwenye nyumba moja ni vurugu. Laptopu zikatokea.

Dada wa mapokezi naye alikuwa anaiona MIZIGO ila inamkataa. Anaweka PIN yake ya tarakimu nne, inakataa, anaweka tena, inakataa. PIN ni ya kufungulia mashine yako uliyokaa mbele yake, kwenye mtandao haifanyi kazi, inatakiwa paswedi. Nikatengeneza mtumiaji mmoja wa kawaida kwenye MIZIGO, nikampa paswedi, sasa kila mtu anaingia kwa huyo. Msinipigie kelele za usalama, nitagawa kila mtu wake mwezi ujao.

Nyongeza, saa 3 usiku: Mkuu uliyesema "mngeita mtaalamu", tuliita, tena mara mbili, soma uzi. Na yule anayesema Windows 11 imekataa kifaa chake cha kuhifadhia mafaili kisicho na paswedi, angalia kama una toleo la 24H2 Pro. Tangu hilo Windows haikubali kuingia kama mgeni, na inataka mawasiliano yawe na saini ya kidijitali. Weka paswedi kwenye kifaa, usilegeze Windows.

Kilichobaki ni fotokopi. Ilikuwa inaskani moja kwa moja kwenda folda ya MIZIGO, na kumbe inajua SMB1 tu. Siiwashi. Kwa sasa inatuma kwa barua pepe, na mzee analalamika kuwa inachelewa. Mwenye kujua kama FTP, ile njia nyingine ya kutumia mafaili kwenda kompyuta, inafaa kwenye fotokopi za zamani aniambie, nitampa soda ya kweli.

Excel za mama mhasibu tumepata za mwaka jana tu, zilikuwa kwenye barua pepe alizomtumia mkaguzi. Nyingine anaziandika upya kutoka kwenye makaratasi, jana ametoka ofisini saa 2 usiku.

Na wewe kijana wa laki mbili na nusu, kama unasoma hapa, ile flashi yangu ya GB 32 uliyoazima "kuwekea Windows" ukaondoka nayo, iache kwa mlinzi getini.