Kampuni ziruhusiwe kutunza kumbukumbu za ulikopita kwa siku ngapi?

Mwanzisha mada

Wakuu, salaam.

Hili tulijadili mapema, kabla halijaamuliwa na watu wengine kwa niaba yetu. Siku hizi kila apu inataka lokesheni: ya usafiri, ya chakula, ya mikopo, ya hali ya hewa, hata ya tochi. Na tunaambiwa bado hatujaona kitu. Duka litakutumia ofa ukipita mlangoni, bima itakupangia bei kwa barabara unazopita. Sipingi huduma zenyewe. Kwa Dar hii, bila ramani ya simu, nusu ya misiba niliyokwenda nisingefika.

Ninachopinga ni ghala. Simu kujua iko wapi ni jambo moja. Mtu mwingine kukutunzia kumbukumbu za kila ulikopita ni jambo jingine, na hilo la pili liwekewe ukomo kwa sheria. Napendekeza siku 30, kisha zifutwe, isipokuwa mahakama imeagiza zibaki.

Wengi hudhani setelaiti ndiyo inayotuchunguza. Setelaiti haikujui. Inatangaza saa yake na mahali ilipo, simu inapokea na kupiga hesabu yenyewe. Ndiyo maana ukipakua ramani kabla ya safari ukazima data, kile kidoti cha bluu kinaendelea kutembea nawe kutoka Ubungo mpaka Chalinze bila bando. Anayepeleka habari zako kwa kampuni ni apu. Na hata usipokuwa na apu, mnara wa simu unakuona.

Septemba 2024 gazeti la Guardian la Uingereza liliripoti kesi iliyokuwa kwenye baraza la kazi London. Aliyekuwa mpelelezi wa ndani wa Millicom, ambayo wakati wa tukio ndiyo ilikuwa kampuni mama ya Tigo, alidai kuwa data za simu ya mwanasiasa wa upinzani Tundu Lissu, pamoja na mahali alipokuwa, zilipelekwa kwa mamlaka za serikali wiki kadhaa kabla hajapigwa risasi Dodoma, tarehe 7 Septemba 2017. Ni madai ndani ya kesi, na naomba mada isigeuke ya vyama. Ninachotaka muone ni kwamba data ya namna hiyo inapatikana bila GPS, yaani zile setelaiti, na bila apu yoyote. Mwenye kitochi naye yumo.

Karibuni. Matusi hapana.

Boda wa Mbagala

Mkuu, heshima yako, ila siku 30 unatuua sisi. Kuna abiria alikuja kudai nimempakia nikamwibia mkoba. Amelalamika karibu miezi miwili imepita! Pale kituoni mimi ni boda tu, nani ataniamini? Kilichoniokoa ni ile njia iliyochorwa kwenye apu. Siku ile, saa ile, nilikuwa Kongowe na abiria mwingine. Kwa sheria yako ningelala ndani.

Halafu mnaongea mambo ya mbele wakati ya leo hayajakaa sawa. Pini ya mteja kwenye ramani inaniambia yuko barabarani, kumbe yuko mtaa wa pili ndani ya geti. Lazima nimpigie, "uko upande gani bosi, kuna nini hapo karibu?" Anasema pana duka la Mangi. Maduka ya Mangi yapo mangapi Mbagala?

Mabasi ya mikoani yanafungwa VTS, kifaa cha kufuatilia gari, na LATRA, wale wasimamizi wa usafiri wa nchi kavu, wanaona mwendo wa basi na mahali lilipo. Mbona huko hakuna anayelia faragha? Abiria wanafurahi dereva akibanwa.

Mama Wawili

Mimi nikipanda gari usiku namtumia dada yangu lokesheni ya WhatsApp. Unachagua dakika 15, saa 1 au saa 8, muda ukiisha inajikata. Hiyo ndiyo ninayoielewa. Nimeamua mwenyewe, kwa mtu ninayemtaka, na ina mwisho.

Lakini mwanzisha mada, wewe unaogopa kampuni na serikali tu. Kuna wanawake wanaolazimishwa kuwasha lokesheni saa 24, mwanamume yuko kazini anaangalia kidoti. Ukisimama sokoni dakika kumi zaidi unaulizwa ulikuwa na nani. Siku zako 30 zinamsaidia nini huyo?

Fundi wa Minara

Nimefanya kazi na mitandao ya simu, niweke sawa jambo moja. Kila ukipiga, ukituma meseji au ukifungua data, kumbukumbu inaandikwa: namba, saa, muda, na mnara uliokuhudumia. Mjini mnara mmoja unaweza kufunika mita mia kadhaa, vijijini kilomita kadhaa. Kwa hiyo anayesema "simu yake ilikuwa eneo la tukio" mara nyingi anasema ilikuwa kata ile. Na wakati mwingine wala si simu ya huyo mtu.

Boda, sikiliza hii. Mwaka 2018 huko Arizona, Marekani, kijana alikamatwa kwa kesi ya mauaji kwa sababu data za lokesheni za akaunti yake zilionyesha alikuwepo. Alikaa mahabusu karibu wiki nzima. Akaunti yake ilikuwa imeachwa wazi kwenye simu ya mtu mwingine. Sasa fikiria kwetu, ambako laini moja inatumiwa na baba na mwana, na simu inaazimwa mtaa mzima. Iliyokuokoa wewe inaweza kumfunga mwenzako.

Na kiufundi hakuna ugumu. Kampuni inahitaji kumbukumbu ya simu kwa ajili ya bili, sawa. Ifanye hesabu ya bili, halafu safu ya mnara ifutwe baada ya muda, namba na dakika zibaki. Anayesema haiwezekani anamaanisha hataki.

Yakhe wa Kisauni

Mie niko Mombasa, naongezea la huku kwetu. Mwaka 2020 jarida la Motherboard lilifichua kuwa apu ya Muslim Pro, ile ya nyakati za sala na kibla, ilikuwa ikituma lokesheni za watumiaji kwa kampuni ya Marekani iitwayo X-Mode, na X-Mode wateja wake ni pamoja na wakandarasi wa jeshi la Marekani. Wenye apu wakasema wamekata uhusiano. Baadaye, Januari 2024, tume ya biashara ya Marekani, FTC, ikaipiga marufuku X-Mode, ambayo ilishajibadili jina, kuuza lokesheni za sehemu nyeti kama hospitali na nyumba za ibada.

Sasa nawauliza: apu ya sala yahitaji kujua niko mtaa gani kwa nini? Magharibi ya Likoni na ya Nyali ni moja. Ikijua niko Mombasa basi, yatosha mwaka mzima. Kibla ni dira, haihitaji intaneti. Kwa hivyo mie sikubali hata siku 30. Kisichohitajika kisichukuliwe hata siku moja.

Mchora Ramani

Naona hofu inapanda, nitetee upande mwingine. Toka 2015 kulikuwa na Ramani Huria hapa Dar. Wanafunzi wa vyuo pamoja na wakazi wa mitaa walizunguka Tandale, Manzese na kwingineko wakichora mitaro, vichochoro na nyumba ili ijulikane maji ya mafuriko yanapita wapi, wakaweka kwenye OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni iliyo wazi kwa kila mtu. Mkoani Mara, ramani za Crowd2Map zimesaidia kuvifikia vijiji ambavyo havikuwa kwenye ramani yoyote, wasichana wanaokimbia ukeketaji wapate kufikiwa. Mwaka 2022 serikali ikafanya operesheni ya anwani za makazi nchi nzima na kuleta apu ya NaPA.

Hizo zote ni huduma za mahali, na hakuna hata moja inayohitaji kujua wewe ulilala wapi jana. Zinaeleza nyumba iko wapi, mtaro uko wapi. Tatizo la boda na duka la Mangi linatibiwa na anwani nzuri na ramani nzuri. Kumfuatilia mteja zaidi hakutalitibu. Tukitunga sheria kwa hasira tutazifunga na hizi.

Nesi wa Shinyanga

Nakuja kwa haraka, niko zamu. Huku kuna m-mama. Mjamzito akipata dharura inapigwa 115 bure, kama gari la wagonjwa halipo karibu anatafutwa dereva wa jamii aliyesajiliwa amfuate. Inafanya kazi hata kwa kitochi. Kinachotuchelewesha ni maelekezo: "mkipita mwembe mkubwa kata kushoto". Usiku mwembe hauonekani.

Ulaya kuna mfumo unaoitwa AML. Ulianzia Uingereza 2014, na tangu Machi 2022 kila simu janja inayouzwa Umoja wa Ulaya lazima iwe nao. Ukipiga namba ya dharura simu inawasha lokesheni yenyewe, inaituma kwa kituo cha dharura, basi. Ukipiga kwa shangazi haitumi. Mimi huo ndio mustakabali ninaoutaka, na huu mzozo wenu wa siku 30 kwangu si kitu. Mama anayetoka damu anahitaji dakika.

Wakili wa Mwanza

Ndugu zangu, sheria ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika 1 Mei 2023, na Tume yake ipo. Kenya wana yao ya 2019, Uganda vilevile 2019. Msingi wake mmoja ni kwamba taarifa zisihifadhiwe kuliko inavyohitajika. Udhaifu ni kwamba "inavyohitajika" anaitafsiri yule yule aliyezihifadhi, ndiyo maana naunga mkono kuandika namba.

Ila kwangu idadi ya siku ni ya pili. Ya kwanza ni nani anafungua kabati. Mwaka 2018, kwenye shauri la Carpenter, mahakama ya juu kabisa ya Marekani iliamua polisi wanahitaji hati ya mahakama kupata kumbukumbu za minara za mtu. Pamoja na hivyo, Aprili 2024 mdhibiti wa mawasiliano huko akazitoza kampuni za simu za AT&T, Verizon, T-Mobile na Sprint karibu dola milioni 200 kwa kuruhusu lokesheni za wateja ziuzwe kwa watu wa kati, na kampuni zikaenda mahakamani kupinga. Kenya, Oktoba 2024 gazeti la Nation lilichapisha uchunguzi uliodai vyombo vya usalama hupata data za wateja wa Safaricom, kampuni ikakanusha na kusema hutoa kwa amri ya mahakama tu. Mteja wa kawaida anawezaje kujua nani mkweli? Hawezi, kwa sababu haambiwi lini data zake zimefunguliwa. Napendekeza aarifiwe, hata kama ni baada ya upelelezi kuisha.

Mwanzisha mada

Nimewasoma wote. Yakhe, kwa apu nakubaliana nawe, siku 30 iwe kwa kile ambacho huduma haiwezi kwenda bila hicho. Wakili, taarifa kwa mteja iingie, nilikuwa sijaifikiria kama sehemu ya mada na ni ya maana.

Boda, tatizo lako ni ushahidi, na ushahidi ule ni wako. Google walitangaza Desemba 2023 kuwa historia ya ulikopita itahamia kwenye simu ya mwenyewe badala ya kukaa kwao. Kama kampuni kubwa vile imeweza, apu ya usafiri nayo inaweza kukupa nakala ya safari zako, wewe utunze miaka kumi ukitaka, wao wafute. Ukishitakiwa unaitoa mwenyewe.

VTS ya basi inafuatilia basi lililobeba watu 50 likiwa kazini. Dereva akiegesha akaenda kwake, haimfuati.

Boda wa Mbagala

Nakala ikae kwenye simu yangu? Simu yangu imeibiwa mara ngapi hapa mjini! Na afande ataniambia nimeichezea. Ya kampuni anaiamini.

Basi tuseme siku 90 na mimi naingia. Kesi za kusingiziwa huwa zinachelewa.

Fundi wa Minara

Hilo la kuchezewa lina dawa, nakala inaweza kutiwa saini ya kidijitali ya kampuni, ukibadilisha herufi moja inakataa. La kuibiwa, sina.

Mama Wawili

Mnaelekea kupatana siku 90, hongereni. Swali langu la nyumbani mmeliruka wote, wanaume watupu mmejaa hapa.

Fundi wa Minara

Dada samahani, nilikuwa nakuja. Toka Mei 2024 Apple na Google wamekubaliana simu zitoe tahadhari kama kuna kifaa cha kufuatilia cha mtu mwingine kinatembea nawe. Ila hiyo ni kwa vifaa vinavyofichwa kwenye mkoba au gari. Kama mume mwenyewe ndiye aliyekununulia simu, akafungua akaunti na kuweka nywila yake, mfumo unamwona yeye ndiye mwenye simu.

Mama Wawili

Kwa hiyo sheria yenu inamlinda mume dhidi ya kampuni, na mimi nibaki na mume. Kabla hamjaipeleka popote, andikeni na hili: anayefuatiliwa awe na uwezo wa kuzima bila aliyewasha kuarifiwa. Siku hizi kuna apu ambazo ukizima, meseji inamfikia yeye kabla hujarudisha simu kwenye mkoba.