Shule ya A au ya C? Tunahama hapa Arlington, nisaidieni kusoma hizi herufi za TEA

MamaWawili_Tanga

Habari za jioni wapendwa. Mkataba wetu wa nyumba hapa Arlington, Texas, unaisha Desemba na kodi imepandishwa tena, kwa hiyo tunahama. Nina wa gredi ya nne, na mdogo wake anafikisha miaka minne mwakani mwezi wa saba.

Tumepata nyumba mbili. Moja ipo kwenye zoni ya shule ya msingi yenye A (TEA, idara ya elimu ya Texas, huipa kila shule herufi, A hadi F). Nyingine ni kubwa zaidi, iko karibu na kazini kwa mume wangu, ila inaangukia shule yenye C. Tofauti ya kodi ni dola 380 kwa mwezi. Baba watoto anasema C si F, tuchukue yenye nafasi. Mimi roho inakataa. Nimekulia enzi ambazo NECTA wakitoa matokeo, kabla hujajua mtoto wa jirani kapata divisheni gani, redio imeshasoma shule kumi bora na kumi za mwisho. Kumi za mwisho, tena kwa majina! Shule ya kata niliyosoma mimi haikuwahi kutajwa upande wowote, na tulishukuru. Najua mambo ya kumi bora waliyaacha Januari 2023, lakini kichwa changu kimebaki kulekule.

Naomba kujua hizi A na C zinapatikanaje, na kama kweli ni za kulipia dola 380. Mwanangu ana miaka miwili tu hapa Marekani. Kuongea anaongea kama wao, kusoma bado anasuasua. Msinijibu "mwombe Mungu", hilo nimeshafanya.

Kaka_wa_Katy

Dada, chukua A, mjadala umefungwa. Mimi niko upande wa Houston. Jimbo liliichukua wilaya nzima ya shule za Houston mwaka 2023, bodi iliyochaguliwa na wananchi ikawekwa pembeni, na chanzo ni sekondari moja iliyokuwa ikipata alama mbovu mwaka baada ya mwaka. Herufi inayoweza kuondoa bodi madarakani si ya kuchezea. Hizo 380 baba watoto atazipata kwa zamu mbili tatu za Jumamosi.

MsaidiziDarasani

Mama Wawili, umefanya vizuri kuuliza kabla ya kusaini. Mimi ni msaidizi wa mwalimu kwenye shule ya msingi hukuhuku Texas, nakaa na watoto wanaojifunza Kiingereza. Kila ikifika Aprili naona STAAR, mtihani wa jimbo, inavyowatoa jasho watoto, na walimu wakuu zaidi yao. Kaka wa Katy hajakosea kwamba herufi ina nguvu. Ila ina nguvu kwa wakubwa. Kuhusu mwanao inasema machache.

TEA wanapima mambo matatu. La kwanza ni ufaulu: kwenye STAAR ya gredi ya 3 hadi ya 5, watoto wangapi walikaribia kiwango, wangapi walikifikia, wangapi walikivuka kabisa. La pili ni maendeleo, nalo lina njia mbili. Ama mtoto amepanda kiasi gani tangu mwaka jana, ama shule imefanyaje ikilinganishwa na nyingine zenye watoto wengi wa kipato cha chini kama zake. Njia iliyoleta alama nzuri ndiyo inayohesabiwa. Kisha wanalinganisha ufaulu na maendeleo, wanachukua lililo juu, na hilo ndilo linabeba asilimia 70 ya alama yote. Asilimia 30 inayobaki ni jambo la tatu, mapengo: watoto weusi, wenye asili ya Amerika ya Kilatini, wenye mahitaji maalumu, wanaojifunza Kiingereza, kila kundi linakwendaje.

Umeona mchezo ulipo? Kuna shule inapata A kwa ufaulu peke yake, imejaa watoto wa madaktari na wahandisi ambao wangefaulu hata mwalimu akisinzia. Nyingine inapata A hiyohiyo kwa sababu watoto waliingia wakiwa chini na wakapandishwa. Ubaoni zote ni A. Kwa mtoto mwenye miaka miwili hapa, mimi ningeitafuta ya pili, na kama haipo kwenye A ningeitafuta kwenye B na C.

Ingia txschools.gov, andika jina la shule, usiishie kwenye herufi kubwa ya juu. Fungua kila jambo uone alama yake. Baada ya hapo nenda tovuti ya TEA utafute ripoti ya shule inayoitwa TAPR. Ni majedwali marefu yanayochosha macho, lakini mwanao yumo humo. Tafuta kusoma, gredi ya nne, halafu safu iliyoandikwa EB, yaani wale ambao bado wanajifunza Kiingereza. Linganisha safu hiyo kwa shule zote mbili. Ukikuta nyota badala ya namba, maana yake watoto wa kundi hilo ni wachache mno hadi matokeo yamefichwa wasitambulike. Hapo jiulize nani atakuwa na uzoefu wa kumfundisha mwanao. Humohumo utaona walimu wana uzoefu wa miaka mingapi na watoto wanahamahama kiasi gani. Shule ambayo watoto wanaingia na kutoka kila mwezi, mwalimu anaanza upya kila mwezi.

Mawili ya haraka. Wanaohesabiwa kwenye herufi ya shule ni wale waliokuwa wameandikishwa pale Ijumaa ya mwisho ya Oktoba. Mkihama Desemba, STAAR ya mwanao haitaingia kwenye herufi ya shule mpya mwaka huo. Kwa hiyo ukifika, msemee. Na mdogo wake: Texas kuna Pre-K, darasa la awali, ya bure kwa aliyefikisha miaka minne ifikapo tarehe 1 Septemba, kama hajui Kiingereza au familia ina kipato cha chini. Si kila shule ya msingi inayo, uliza. Nyumbani endelea na Kiswahili chako bila wasiwasi.

Papa_Bukavu

Mama, salamu kutoka Abilene. Mimi wangu wamefika hai skuli, nikueleze upande huo maana watoto hawakawii kukua.

Shule ya wangu iliteremka herufi, wazazi tukajaa kwenye mkutano tukiwa na hasira. Kumbe shule ilikuwa ileile, aliyebadilika ni mpimaji. Hai skuli inahesabiwa STAAR, idadi ya wanaohitimu, na kitu wanaita CCMR, yaani kijana anatoka akiwa tayari kwa chuo, kazi au jeshi. Zamani shule ikifikisha asilimia 60 kwenye CCMR ilipata A. Mwaka 2023 wakapandisha hadi 88. Wilaya nyingi zikaenda mahakamani, herufi za 2023 zikakaa kwenye kabati hadi Aprili 2025, halafu za 2024 na 2025 zikatoka siku moja, tarehe 15 Agosti 2025. Na mwaka 2022 D na F hazikuandikwa kabisa. Basi mtu akikwambia "shule hii 2022 ilikuwa nzuri, sasa imeharibika", muulize kwanza kama anajua hayo.

Kwetu Kongo mtoto anafanya mtihani wa taifa anarudi na asilimia zake, familia inajipaka poda nyeupe kichwani, barabara nzima inajua. Aliyesifiwa ni mtoto. Hapa shule ndiyo inasifiwa, na wakala wa nyumba anapandisha bei juu ya sifa hiyo.

Hata hiyo STAAR yenyewe inaondoka. Sheria imepita mwaka 2025, kuanzia mwaka wa masomo 2027-28 kutakuwa na mitihani mitatu mifupi kwa mwaka. Mwanao atakuwa gredi ya sita.

MamaWawili_Tanga

Wapendwa, nimekesha na hayo majedwali. Mume wangu alilala akaniacha nayo.

Shule ya A: ufaulu 94, maendeleo 76, mapengo 85. Safu ya EB gredi ya nne, kusoma: nyota. Hesabu na mengine nikaacha, macho yalikuwa yanauma.

Shule ya C: ufaulu 66, maendeleo 82, mapengo 71. Safu ya EB ina namba, na watoto waliokaribia kiwango cha kusoma ni zaidi ya nusu. Walimu wake wana uzoefu mdogo kidogo kuliko wa ile ya A, na watoto wanaohamahama ni wengi, hilo limenitia shaka. Pre-K wanayo. Ya A hawana, nimepiga simu, wamenielekeza shule nyingine kabisa.

Sijamwambia baba watoto, asije akavimba kichwa.

Kaka_wa_Katy

Eh. Maendeleo 76 kwa shule ya A? Hiyo sikuijua. Nimefungua ya kwetu sasa hivi, nimekuta 79. Nimefunga simu.

Hata hivyo, dada, ufaulu wa 66 maana yake darasani kuna watoto wengi wanaosumbuka kusoma. Mwalimu ni mmoja. Hilo nalo liweke kwenye mizani.

MsaidiziDarasani

Kaka yuko sahihi hapo, na ndiyo sababu usisaini kabla ya kufika shuleni. Omba miadi, waulize walimu wangapi wa gredi ya nne wana cheti cha ESL, yaani cha kuwafundisha wanaojifunza Kiingereza. Cheti ni cha mwalimu mmojammoja, kwa hiyo uliza cha yule atakayempokea mwanao. Uliza pia mtoto anasaidiwa ndani ya darasa lake au anatolewa nje, na akitolewa, anakosa somo gani. Niliwahi kuona watoto wanatolewa kila siku saa ya sayansi, halafu gredi ya tano wanapewa STAAR ya sayansi. Na uombe shule ya sasa ikupe matokeo yake ya TELPAS ya mwaka jana, yaani kipimo cha Kiingereza cha watoto wanaojifunza lugha: kusikiliza, kuongea, kusoma na kuandika, kila kimoja na daraja lake. Kama kusoma kumebaki nyuma ya kuongea, mwalimu mpya aione karatasi hiyo siku ya kwanza, maana akimsikia anavyoongea atadhani hana shida.

MamaWawili_Tanga

Hiyo ya kuongea ndiyo shida yetu hasa, kila mtu anamwona hodari. Nimepata miadi shule ya C Jumanne asubuhi. Ya A wamesema nitume barua pepe kwanza.

Swali la mwisho: kuandikisha wanataka mkataba wa nyumba uliosainiwa tu, au na bili ya umeme yenye jina langu? Umeme wetu upo kwa jina la shemeji.

Papa_Bukavu

Kwetu walikubali mkataba na bili ya maji. Umeme hamisha sasa, mama, usingoje Desemba. Na kadi ya chanjo isibaki kwenye masanduku siku ya kuhama.