Fundi wa chombo cha anga kwenye hadithi yangu, nimpe vituko gani?

Kalamu_Butu:
Wakuu naandika hadithi, kuna dada fundi wa chombo cha anga, kipaji chake balaa. Shida kila nikimwandika anatoka malaika, akigusa spana tu injini inawaka. Nimempa na vituko, anaongea na mashine, anatafuna kijiti, ila naona kama nimembandika tu. Hivi fundi wa huko juu anatakiwa ajue nini hasa?

Mzee_wa_Spana:
Kijiti toa mkuu. Vituko vya fundi vinatokana na kazi yake. Huko juu vitu vinaelea, ukikaza nati hujajishikiza miguu unazunguka wewe, nati imetulia inakuangalia, kwa hiyo mpe tabia ya kutafuta pa kuchomeka miguu kwanza, hata akirudi duniani amekaa anakula miguu inasakasaka chini ya meza. Halafu afunge kamba kila kitu mpaka kalamu. 2008 mwanaanga Heidemarie Stefanyshyn-Piper alikuwa nje ya kituo cha anga cha kimataifa anafuta grisi iliyovuja, mfuko wa vifaa ukamponyoka mzima mzima ukaenda zake.

BintiSayari:
Mi naongezea masikio. Feni zinavuma mule saa 24 maana bila feni hewa haitembei, ile chafu uliyoitoa puani inabaki imekuzunguka usoni. Sasa mwandike analala fofofo kwenye makelele yote hayo, ila feni moja ikizima anakurupuka. Na 2020 kwenye kituo hicho hicho walikuwa wanasaka hewa inavujia wapi, mwanaanga Mrusi Anatoly Ivanishin akaachia majani ya chai yaelee wakayafuata kwa kamera mpaka kwenye ufa. Vyombo vya kupimia vyote vile, jibu likatoka kwenye chai 😂

Kalamu_Butu:
Hiyo ya chai nisingeibuni mimi hata nikeshe

Mpita_Njia:
Ila jamani msimfanye ajue kila kitu peke yake. Apollo 13 mwaka 1970, chombo cha Wamarekani kilichoharibika njiani kwenda mwezini, vichujio vya hewa vilikuwa vya mraba na pa kuvichomeka ni duara, waliokuna vichwa ni mafundi waliobaki huku chini, wakaunganisha bomba la mpira, plastiki na gundi ya utepe, wakawasomea wale wa juu hatua kwa hatua kwenye redio. Kipaji cha wa juu hapo ni kusikiliza na mikono isitetemeke. Mi ningempa ubishi, awe hapendi kuelekezwa lakini inabidi. Na awe hatupi takataka, kila kifuniko anaficha.

Kalamu_Butu:
Ubishi nimechukua. Swali la mwisho, akiwa nje na yale maglavu mazito nati ndogo anaishikaje?

Mzee_wa_Spana:
Kwa tabu. Ndani ya glavu kuna presha, kila ukikunja kidole ni kama unaminya mpira, masaa sita hivyo hivyo. Kuna wanaanga wamerudi ndani kucha zimebanduka. Huyo dada mpe kucha mbovu.